Terence Trent D'Arby na Neither Fish nor Flesh (1989): albamu ya pili iliyotugawa

#1 Upande wa B

Wakuu, heshima mbele.

Naomba nilete jamvini kaseti moja iliyonikaa rohoni zaidi ya miaka thelathini. Juzi usiku nimeisikiliza tena, yote, mwanzo mpaka mwisho, nikaona nisipoandika leo sitaandika tena. Ni ndefu kidogo, asiye na haraka avute kiti.

Mliokuwa na masikio mwaka 1988 mnamkumbuka Terence Trent D'Arby. Hata asiyelijua jina, ukimpigia Sign Your Name dakika moja tu atasema "ahaa, kumbe huyu!" Kijana mwembamba, nywele ndefu za kusokota, sauti yenye mikwaruzo kama mtu aliyelia usiku kucha, kulipokucha akaamua kuimba.

Maisha yake kwa kifupi, maana yanahusika. Alizaliwa New York, tarehe 15 Machi 1962. Mama yake alikuwa mwimbaji wa injili, baba wa kambo mhubiri wa Kipentekoste, kwa hiyo koo lile lililelewa kanisani. Ujanani alicheza ngumi za ridhaa huko Florida, kisha akaingia jeshi la Marekani na kupelekwa Ujerumani. Akatoroka kambini, akafikishwa mahakama ya kijeshi, na 1983 jeshi likaachana naye. Akabaki na muziki. Aliimba na bendi ya hukohuko Ujerumani iliyoitwa The Touch, na mwaka 1986 akahamia London.

Julai 1987 ikatoka Introducing the Hardline According to Terence Trent D'Arby. Uingereza ilishika namba moja, ikakaa huko jumla ya wiki tisa. Marekani ilichelewa kushika moto, lakini Mei 1988 Wishing Well ikawa wimbo namba moja, na albamu yenyewe ikapanda mpaka nafasi ya 4. Mwanzoni mwa 1989 akachukua Grammy ya mwimbaji bora wa kiume wa R&B. Nani alikuwa na sauti kama ile wakati huo? Ukimsikiliza unamsikia Sam Cooke kwenye ulaini na Otis Redding kwenye mikwaruzo, na akisimama jukwaani miguu ni ya James Brown.

Tatizo likawa kinywa. Alisema hadharani kwamba albamu yake ile ndiyo muhimu kuliko zote tangu Sgt. Pepper's ya The Beatles. Fikiria, umri miaka 25, albamu ya kwanza, na unasema hivyo Uingereza! Waandishi wa muziki walimfurahia maana maneno kama hayo yanauza magazeti, lakini waliyaweka akiba.

Oktoba 1989 ikaja ya pili: Neither Fish nor Flesh, yenye jina la nyongeza A Soundtrack of Love, Faith, Hope & Destruction. Kwa lugha yetu tungesema si samaki si nyama. Mimi humkumbuka popo wa hadithi za bibi: ndege wakamkataa, wanyama wakamkataa. Na ndivyo ilivyokuwa. Uingereza iliishia nafasi ya 12. Marekani, nafasi ya 61. Hakuna wimbo wake hata mmoja uliofika 40 bora ya Uingereza. Kutoka mamilioni ya nakala mpaka hapo, ndani ya miaka miwili na miezi michache.

Sasa niwaambie ilivyotufikia sisi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa baharia. Mwaka 1990 alirudi Tanga na begi, na ndani ya begi mlikuwa na kaseti halisi, ya kampuni, yenye karatasi ndani na majina ya nyimbo. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Ile ya kwanza tulikuwa nayo ya kurekodiwa dukani, imepigwa mpaka sauti imefifia, mkanda umeliwa na redio na kurudishwa kwa kalamu mara nyingi. Jioni ile vijana wa mtaa walijaa barazani kwetu. Betri mpya zikanunuliwa. Kila mtu alikuwa anasubiri Wishing Well ya pili.

Ikaanza. Kwanza tangazo fupi, karibu kama mtu anasoma tamko. Kisha wimbo unaoingia taratibu mno. Kisha mwingine wa taratibu zaidi, umejaa ukungu. Watu wakaanza kutazamana. Wa nne ulipofika, baraza lilikuwa nusu. Kaka akasema, "Huyu kapotea." Hakugeuza hata upande wa pili. Wiki ileile akaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu ya kaseti vinavyozuia kurekodi juu yake, akaingiza kwenye redio upande wa B juu, na akarekodi taarabu iliyokuwa ikipigwa redioni.

Kwa hiyo mimi nilikua na nusu ya albamu. Upande wa A niliujua kwa moyo. Upande wa B ulikuwa udi na fidla za watu wengine. Ndiyo asili ya jina langu humu.

Nitaendelea jioni.

#2 Mpiga Dramu Mstaafu

Nimekaa mkao wa kusoma. Hiyo ya kuziba vitundu umenirudisha mbali sana mkuu. Endelea.

#3 Nuru ya Mikocheni

Mimi nilikuwa mdogo, namjua kwa Sign Your Name tu. Kumbe alikuwa na albamu nyingine? Naomba usituache njiani.

#4 Upande wa B

Nimerudi.

Mwaka 2006 nilikuta CD yake kwenye duka la vitu vya mitumba. Nikaenda nayo nyumbani, nikaruka moja kwa moja mpaka wimbo wa saba, pale ambapo kwenye kaseti yetu ndipo taarabu ilipoanzia.

Wimbo wa saba ni This Side of Love. Wakuu, gitaa linaingia kama mtu anayesukuma mlango kwa bega! Halafu wa nane, Attracted to You, ni fanki tupu: besi inatembea, ngoma kavu, na yeye anapiga kelele zile za James Brown alizotufundisha kuzipenda. Wa kumi, You Will Pay Tomorrow, una mwendo wa soul ya miaka ya sitini, wa kutoa jasho. Nilikaa kitandani nikiwa na karatasi ya CD mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia ni lile baraza la Tanga. Vijana wale walitaka kucheza. Nyimbo za kucheza zilikuwemo, kwenye upande ambao hakuna aliyeugeuza.

Hili ndilo ninalotaka kusema katika uzi huu. Watu wamesema mengi juu ya kuanguka kwa albamu hii: majivuno, kampuni, bahati mbaya. Mimi naamini kosa kubwa liko kwenye mpangilio wa nyimbo, na nyuma ya mpangilio ule kuna upweke.

Chukueni albamu ya kwanza mtazame imepangwaje. Wimbo wa pili ni If You Let Me Stay. Wa tatu ni Wishing Well. Wa tano ni Dance Little Sister. Umeshakaribishwa, umeshakula, umeshacheza. Vitu vigumu viko mbele huko, mwishoni. As Yet Untitled, ambao anauimba bila ala yoyote, ni wa kumi, baada ya Sign Your Name kukulainisha kabisa. Unausikiliza kwa heshima kwa sababu tayari unamwamini.

Kwenye ya pili amegeuza nyumba. Amekupitisha uani, gizani, na sebule ameiweka nyuma. Tamko, kisha I Have Faith in These Desolate Times, kisha It Feels So Good to Love Someone Like You, ambao ni mzuri ajabu lakini unataka mtu aliyetulia, kisha To Know Someone Deeply Is to Know Someone Softly. Nyimbo nne kabla mtu hajatikisa bega.

Sasa upweke. Ya kwanza aliitayarisha pamoja na Martyn Ware wa bendi ya Heaven 17, mtu aliyekuwa na uzoefu wa kutengeneza nyimbo za redioni. Ya pili aliandika, akaimba, akatayarisha, na kupiga ala nyingi mwenyewe. Ukiwa hivyo, nani atakwambia "hebu weka huu mbele"? Mwenye kipaji kikubwa ndiye anayehitaji sana mtu wa pili chumbani, kwa sababu kila anachokigusa kinasikika kizuri masikioni mwake.

Na ninasema hivi nikiwa naipenda. To Know Someone Deeply ndio wimbo wake bora kabisa kwangu, naupenda kuliko Sign Your Name. Sauti haisukumi hata mara moja. Anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala pembeni yake. Nilikuwa na miaka 14 nilipousikia, sikuwa najua Kiingereza cha maana, na nilielewa.

#5 Yakhe wa Mji wa Kale

Yakhe, salamu kutoka Mombasa.

Umenigusa. Sisi huku tulimpata kwenye redio, usiku kwenye kipindi cha Sundowner cha KBC. Sign Your Name ikipigwa, mamangu mwenyewe alikuwa akiniambia niongeze sauti, naye hakuwa mtu wa nyimbo za Kizungu. Hii ya pili sikumbuki kuisikia redioni hata siku moja. Nafikiri hapo ndipo pa kuanzia. Mtangazaji akipewa albamu, anajaribu wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopata cha kupiga, anairudisha kwenye rafu. Kwa hiyo nakubaliana nawe juu ya mpangilio.

Lakini nakupinga kwa jambo moja. Umesema majivuno kama kwamba ni jambo dogo. Si dogo. Mtu aliyejilinganisha na Beatles, watu walimngoja ajikwae. Angeleta hata albamu ya dhahabu, wangeikwaruza watafute shaba. Nakumbuka magazeti ya muziki ya Uingereza yaliyokuwa yakifika kwa kuchelewa huku. Tulikuwa tukiyasoma mpaka kurasa zinachanika. Waliomwinua ndio waliomshusha.

#6 Besi Nzito

Naomba niwe upande wa pili, kwa heshima zote kwa mleta uzi.

Nimepiga besi kwenye bendi za hoteli miaka mingi, na Attracted to You nimeupiga chumbani kwangu zaidi ya mara moja. Nakubali ni fanki safi. Ila tuseme ukweli: albamu hii ina upungufu wa nyimbo. Ina sauti, ina mawazo, ina mapambo, lakini ukizima redio, ni viitikio vingapi unabaki navyo mdomoni? Wishing Well ina ule mluzi. Unausikia mara moja unalala nao. Huku hakuna mluzi. I Don't Want to Bring Your Gods Down ni safari ndefu ya vinanda na mawingu, na mimi kila nikiusikiliza nafika katikati nasahau tulikuwa tunakwenda wapi.

Pili, hoja ya mpangilio haisimami peke yake. Mchukue D'Angelo, mwimbaji wa soul wa Marekani: mwaka 2000, albamu ya pili, Voodoo. Inaanza na Playa Playa, dakika saba za ukungu na besi inayoburuta miguu nyuma ya ngoma. Hakuna sebule hapo! Na bado iliingia namba moja Marekani. Wapo walioilalamikia wakati ule, kwamba ni ndefu, kwamba anamumunya maneno, lakini watu waliinunua. Kwa nini? Kwa sababu ule ukungu ulikuwa na mdundo chini yake. Hata hujui anasema nini, mwili unajua. Terence kwenye upande wa A ameondoa mdundo akabakiza ukungu.

Tatu, tazama mwaka wenyewe. 1989 ilikuwa zamu ya Soul II Soul pale London, na Marekani Janet Jackson ametoka tu na Rhythm Nation 1814, Bobby Brown anatawala, ngoma za mashine zinapiga kifuani. De La Soul wameshafungua mlango mpya wa hip hop. Muziki mweusi ulikuwa unakimbia mbele kwa kasi, na yeye akaamua kurudi 1967 na vinanda. Si dhambi, lakini usimlaumu msikilizaji.

#7 Upande wa B

Besi Nzito, nashukuru sana, hili ndilo bandiko nililokuwa nalingojea.

Kuhusu mluzi, umenipiga pale penyewe. Ni kweli. Nimejaribu leo asubuhi nikiwa kwenye daladala, nikaita kiitikio cha kila wimbo kichwani. Vilikuja vinne. Vya albamu ya kwanza vilikuja vyote isipokuwa viwili. Siwezi kukubishia hapo, na I Don't Want to Bring Your Gods Down sitautetea kwa mtu yeyote ingawa dakika zake za mwanzo nazipenda.

Kuhusu Voodoo, ngoja. Kabla albamu ile haijatoka, Devil's Pie ilishakuwa nje tangu 1998, Left & Right ilitoka 1999, na video ya Untitled ilikuwa inazungumzwa kila mahali. Watu walipoingia mlangoni walikuwa wameshaoneshwa sebule kwenye picha. Terence aliingiza watu kwenye nyumba wasiyoijua hata rangi yake.

Na kuhusu 1989, naomba nikupe kitu cha kufikiria. Septemba mwaka uleule, mwezi mmoja kabla yake, alitoka kijana mwingine mweusi mwenye nywele za kusokota, naye karudi nyuma miaka ishirini, naye anapiga karibu kila ala mwenyewe: Lenny Kravitz, Let Love Rule. Je, mnajua albamu ile ilifika nafasi ya ngapi Marekani? Ya 61. Palepale alipofika Terence. Kwa Lenny hiyo 61 ilikuwa mlango wa kuingilia, albamu ya kwanza, jina geni, watu wakasema huyu ana mbele. Kwa Terence 61 ileile ikasomwa kama tangazo la msiba. Kwa hiyo kurudi nyuma peke yake hakukumuua. Alihukumiwa kwa urefu wa ngazi aliyokuwa amesimama.

Yakhe, umesema kweli juu ya majivuno. Nimeyapita haraka kwa sababu yananiuma. Sikumpenda kwa maneno yake, nilimpenda kwa koo lake, na sijawahi kuona haki mtu akiadhibiwa koo kwa makosa ya kinywa. Lakini nakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

#8 Mpiga Dramu Mstaafu

Wadogo zangu mnatoa darasa. Mimi naongeza moja tu la ufundi. Sikilizeni I'll Be Alright, wimbo wa tano. Ni soul ya kusini mwa Marekani, ya kanisani kabisa. Hapo hana la kuthibitisha kwa mtu, anaimba alichonyonyeshwa. Laiti albamu nzima ingekuwa na utulivu ule. Pengine anaposhindwa ni pale anapotaka tuone kwamba amefikiri.

#9 Nuru ya Mikocheni

Nimeisikiliza yote leo nikipika. Naandika kama mtu ambaye hakuwepo, sina kumbukumbu ya kaseti wala baraza.

Kwangu mimi haisikiki kama albamu iliyoshindwa. Sikujua kwamba nilipaswa kusubiri Wishing Well, kwa hiyo sikusubiri. Huo wimbo wa tatu, ule wa taratibu wenye sauti za kama Mashariki, niliurudia mara tatu mpaka kitunguu kikaungua. Billy Don't Fall nao umenishangaza: mwanamume anazungumza na rafiki yake anayempenda kimapenzi, anamwambia siwezi kukupa hicho, lakini hamtukani wala hamfukuzi. Mwaka 1989, katikati ya hofu yote ya UKIMWI, mtu maarufu kuimba hivyo kwa upole ni ujasiri. Hakuna aliyeutaja humu.

Kitu kingine: mimi ni mpenzi wa nyimbo za Maxwell, mwimbaji wa soul wa Marekani. Albamu yake ya pili, Embrya, ya 1998, nayo ilipigwa vita. Walisema imejaa maji, maneno hayashikiki, majina ya nyimbo marefu yasiyoeleweka. Na leo kuna watu, mimi mmojawapo, tunaiweka juu ya ile ya kwanza. Waliitoa upya 2018 na watu wakaipokea kama mtoto aliyepotea. Tofauti ni kwamba Maxwell hakuporomoka sokoni. Embrya ilifika nafasi ya 3. Alipewa muda wa kueleweka. Huyu hakupewa.

#10 Upande wa B

Dada Nuru, asante. Billy Don't Fall nilikuwa nauzunguka kwa sababu sikujua nitauelezaje humu bila uzi kugeuka kuwa ugomvi. Umeueleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Hilo la kutosubiri Wishing Well nimelisoma mara mbili. Mimi siwezi tena kuisikiliza bila kusubiri. Kila ikianza naona vijana wanainuka barazani.

#11 Besi Nzito

Nuru, hoja ya Embrya ni nzito, lakini Embrya ina mdundo mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Unaweza kuipenda au kuichukia, ila ni kitambaa kimoja. Hii ya Terence ni viraka: kiraka cha kanisa, cha fanki, cha jazi kwenye Roly Poly, cha vinanda. Yeye mwenyewe kaiita si samaki si nyama. Alijua.

#12 Yakhe wa Mji wa Kale

Kujua na kulitangaza kwenye jalada, hapo mimi naona utu uzima. Alituambia mapema: msinitafutie kabati la kuniweka. Sisi ndio tuliokuja na kabati.

Je, baada ya hapo ilikuwaje? Maana mimi nilimpoteza kabisa.

#13 Upande wa B

Hakupotea, ila alikaa kimya karibu miaka minne. Mwaka 1993 akarudi na Symphony or Damn, na huo ukaidi wa kuchanganya roki, soul na fanki haukumtoka, ila safari hii alijifunza kupanga nyumba. Uingereza ilifika nafasi ya 4 na ikatoa nyimbo nne zilizoingia 20 bora, ukiwemo Delicate aliouimba na Des'ree. Kila ukiusikiliza Let Her Down Easy unasikia mbegu yake iko kwenye To Know Someone Deeply: sauti ileile isiyosukuma. Kwa hiyo kwangu albamu ya pili haikwenda bure, ilikuwa shamba. Mwaka 1995 akatoa Vibrator. 1999 aliimba na INXS kwenye ufunguzi wa uwanja mkubwa wa Sydney, ule wa Olimpiki. Mwaka 2001 akabadilisha jina kisheria akawa Sananda Maitreya, jina ambalo anasema lilimjia ndotoni, na anaishi Milan akiendelea kutoa muziki wake mwenyewe bila kampuni kubwa nyuma yake. Anaandika, anaimba, anapiga ala nyingi na kutayarisha mwenyewe, kama alivyofanya 1989. Lile lililomgharimu hakuliacha. Sijui wenzangu mnalionaje, mimi linanipa heshima kwake na huzuni kwa wakati mmoja, maana bado nasikia kwenye baadhi ya kazi zile mpya mahali ambapo mtu wa pili angesema "kata hapa."

Na kuhusu kaka yangu, kwa kuwa wawili wameniuliza pembeni: yupo, mzima, amestaafu, anafuga mbuzi. Jana nilimpigia simu nikamwambia kwamba nyimbo alizozitaka zilikuwa upande wa pili. Akanyamaza kidogo. Akasema taarabu aliyoirekodi siku ile ilikuwa ya Siti binti Saad, kutoka santuri za zamani, na kwamba redioni haikupigwa kila siku, na kwamba akirudishwa barazani leo atarekodi tena. Nikamwambia shikamoo kaka, akacheka, tukazungumza mambo ya mbuzi.

#14 Mpiga Dramu Mstaafu

Siti binti Saad juu ya Terence! Kaseti hiyo iko wapi?

#15 Upande wa B

Ninayo, mzee wangu. Upande wa A bado unapiga.

#16 Besi Nzito

Mkuu, kwa sisi tunaotaka kuijaribu kwa utaratibu wako, ungeipangaje?

#17 Upande wa B

Nimeshaipanga kwenye simu. Wa saba kwanza, This Side of Love. Kisha Attracted to You. Kisha I'll Be Alright ili watu wakae. Billy Don't Fall. You Will Pay Tomorrow. Hapo ndipo unaleta To Know Someone Deeply, jasho likiwa bado halijakauka. Baada yake It Feels So Good, Roly Poly, I Have Faith. Gods Down nimeuacha karibu na mwisho kwa heshima ya mwenyewe, na ule mfupi wa kufunga nimeuacha palepale alipouweka, maana hapo alipatia. Tamko nimelipeleka mwisho kabisa, baada ya muziki wote. Likisikika hapo, unamwelewa.

#18 Besi Nzito

Nimeanza na wa saba. Spika kubwa, mlango wazi. Mtoto wa jirani kaja kuuliza ni nani huyu.